Flashi Iliyomeza Majina

Kila asubuhi kabla ya kengele, Cynthia alifagia chumba cha tarakilishi cha shule yao pale Mwatate, maana vumbi jekundu la huko halibishi hodi. Siku hiyo Mwalimu Muinde alimkuta akipangusa meza, akamwonyesha flashi mpya aliyoinunua sokoni. Pakiti yake ilijigamba kwamba ingebeba kila kitu cha shule na bado ibaki na nafasi.

"Fundi Donald anakuja baada ya chakula cha mchana kufuta kila kitu kwenye tarakilishi yetu na kuipanga upya," mwalimu alisema. "Video za miradi ya Gredi ya Tisa ziko humo tu. Wewe na mwenzako Derrick zihamisheni kwenye flashi hii. Ipimeni kasi, muipime na ugumu. Kisha mfungue video zote, moja moja, hadi ya mwisho."

"Sawa, Mwalimu."

Kazi hiyo ilimgusa Cynthia kuliko yeyote. Mradi wake ulikuwa video ya nyanya yake, Priscilla, akipika kimanganu, mseto wa Kitaita wa muhogo na maharagwe, jikoni kwake Ronge. Nyanya alifariki mwezi wa Aprili, na sauti yake haikuwa imebaki mahali pengine popote.

Wakati wa kipindi cha sayansi, Derrick alishika saa huku Cynthia akihamisha video. Mwanzoni zilikwenda mbio, kisha zikaanza kujikokota. Walipomaliza, majina yote yalionekana ndani ya flashi. Waliiangusha kwenye sakafu ya simiti, wakaianika juani, Derrick akaikanyaga kwa kisigino. Flashi haikupata hata ufa.

Walianza kufungua video. Ya kwanza ilicheza vizuri, na ya pili, na chache zilizofuata. Hapo kengele ya chakula ikalia.

"Zingine si ni kama hizi tu," Derrick alisema. "Twende, foleni itakuwa refu."

Mlangoni walikutana na Mwalimu Muinde. "Mmezifungua zote?"

"Zote, Mwalimu. Iko sawa," Cynthia alijibu, akakwepa macho yake.

Githeri ya siku hiyo, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, ilinukia vizuri. Cynthia alikula kwa pupa mpaka alipofika chini ya sahani, akauma haragwe bichi. Alicheka kidogo, kwa sababu alimkumbuka Nyanya. Nyanya hakuwahi kuonja maharagwe ya juu. Alizamisha mwiko hadi chini ya sufuria ndipo akaamua kama yameiva.

Kisha kicheko kikakauka. Wao wawili walikuwa wameonja video za juu tu. Kupitia dirisha la chumba cha tarakilishi alimwona Fundi Donald amekwisha kuketi.

"Derrick, lazima tumwambie Mwalimu."

"Ukisema, tutaonekana waongo."

"Na si tumedanganya?"

Alikimbia. Aliingia bila kubisha na kumkuta Donald amenyoosha kidole juu ya kitufe, Mwalimu Muinde akiwa kando yake.

"Mwalimu, hatukufungua zote. Nilikudanganya."

Mwalimu alimgeukia fundi, akasema taratibu, "Donald, ngoja kwanza."

Walichomeka flashi. Cynthia aliibonyeza video ya Nyanya. Jina lilikuwepo, lakini picha haikuja. Alijaribu tena. Akafungua ya katikati, akapata giza lilelile. Machozi yalimtoka.

"Hii ni feki," Donald alisema. "Nje imeandikwa kubwa, ndani ni ndogo. Ikishajaa inameza majina tu, video zenyewe hazikai."

Mwalimu alirudi kwenye tarakilishi na kufungua video ileile. Nyanya Priscilla akatokea, mzima na mcheshi, mwiko mkononi. Cynthia aliketi chini, hakuona aibu kulia.

Walimu wengine walitoa flashi zao ndogo za zamani, na video zikagawanywa. Wakati wenzao wakicheza mpira, Cynthia na Derrick walibaki wakifungua kila video hadi mwisho. Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yao, na Donald alisubiri bila kunung'unika.

"Mliipima kasi, mkaipima ugumu," Mwalimu Muinde aliwaambia walipomaliza. "Lakini flashi kazi yake ni kurudisha ulichoipa, na hilo hamkulipima. Kazi ikiachwa nusu, semeni ni nusu. Hii feki ilitudanganya kwa sababu haina akili. Nyinyi mnazo. Cynthia, ulichelewa kusema ukweli, lakini ulisema kabla kitufe hakijabonyezwa. Nakushukuru."

Derrick aliinamisha kichwa. "Nisamehe, Mwalimu."

Video ya mwisho kukaguliwa ilikuwa ya Nyanya. Cynthia aliitazama yote. Karibu na mwisho, Nyanya alizamisha mwiko, akachota maharagwe ya chini na kumnyooshea aliyeshika kamera.

"Haya, Cynthia," alisema. "Sasa onja."