Jibu la Dahir

Kwanza ilikuwa harufu. Mchana, jua likiwa utosini na mtaa wa Makongeni umezubaa kwa joto, chumba cha mbele cha nyumba ya Dahir kilianza kunuka nywele mbichi, za mtu aliyetoka ziwani akaja kuketi karibu yako bila kujifuta. Dahir alinusa mapazia, akanusa zulia, akainua mito ya kochi. Hakuona kitu. Akasema ni Phelesia jirani ameanika dagaa wake wa omena vibaya tena, akafunga dirisha kwa kishindo ili Phelesia asikie.

Ndivyo alivyokuwa. Huyu bwana hakuacha jambo lipite bila kulisemea. Alikuwa fundi wa mitandao, anawawekea watu wifi kwenye gesti na maofisi ya Homa Bay, na kazi hiyo ilimpa nafasi ya kuwadharau watu wa mji mzima kwa zamu. Aliwadharau wanaobonyeza kila kinachong'aa. Aliwadharau wanaoamini kuna tajiri ng'ambo anatafuta wa kumrithi. Matapeli wakimpigia simu hakukata. Aliwashika kwenye laini akawachambua taratibu, akili zao, malezi yao, mpaka wao ndio wakate. Mkewe Kaltum, mwenye duka la vitenge karibu na stendi, alichoka kumsikia. "Si ukate tu simu," humwambia. Naye hujibu, "Nikinyamaza atadhani nimemwogopa."

Nyumbani mtandao wake ulikuwa na bawabu. Ni kompyuta kuukuu, aliyoifuta ikawa nyeupe na kuiwekea mfumo wa Linux, na ilikaa kwenye kona ya chumba hicho cha mbele. Chochote kilichotaka kuingia au kutoka, kwa simu ya Kaltum au tableti ya binti yao Sumeya, kilipita kwanza mbele yake. Dahir alikuwa ameiandikia sheria. Kamari, marufuku. Picha za uchi, marufuku. Dawa za kupunguza tumbo, na vile vijidirisha vinavyokurukia usoni vikilia kwamba simu yako ina virusi, bonyeza hapa upesi, takataka yote hiyo iliishia kizingitini. Dahir aliionea fahari kompyuta hiyo kuliko alivyoionea fahari nyumba yenyewe.

Siku moja Sumeya alimletea tableti. Alikuwa mtoto wa miaka tisa, sauti kali, maneno mengi, kopi ya babake. "Aabo," akasema, maana ndivyo alivyomwita baba, kwa Kisomali, "hii kitu imenijua jina."

Juu ya katuni zake palikuwa pametokea dirisha jeupe. Hapakuwa na picha wala bidhaa. Maneno mawili tu: *Sumeya, upo?*

"Umebonyeza?"

"Sijaigusa."

"Washenzi," Dahir akasema. Hakushtuka. Aliona ni matapeli wamenunua majina ya watoto mahali fulani, na kwake yeye mtu anayenunua majina ya watoto hakustahili hata kukasirikiwa. Akaketi mbele ya kompyuta, akaitafuta anwani iliyoleta lile dirisha, akaipata.

Sasa hapa ndipo mambo yalipoharibikia. Katika Linux, ukitaka kumfungia mtu mlango una njia mbili. Unaweza kuandika DROP, na hapo mgeni akibisha hodi harudishiwi chochote. Anabisha mpaka achoke, hajui kama kuna nyumba, hajui kama ndani kuna mtu. Au unaweza kuandika REJECT, na hapo kila akibisha bawabu anamrudishia neno kwamba amekataliwa. Kwa mgeni wa nje asiyejulikana, mafundi wengi huchagua kimya. Dahir alilijua hilo fika. Lakini kimya kwake kilikuwa cha waoga, naye alitaka mshenzi huyo asikie kwa masikio yake kwamba ametimuliwa.

Akaandika REJECT. "Kwisha yeye," akamwambia mtoto.

Hakwisha. Hodi zake ziliendelea kuingia, na kompyuta ilizionyesha kwenye kioo mstari baada ya mstari. Takataka za kawaida hubisha mara mbili tatu zikaenda kusumbua wengine. Huyu alibisha, akajibiwa, akatulia kidogo, akabisha tena. Dahir aliona raha. Akirudi chakula cha mchana aliketi na sahani yake mbele ya kioo akiyatazama majibu yakitoka. "Haya, tena," akisema mdomo umejaa wali. "Tena. Huna haya wewe." Ile harufu ilikuwa imekolea, naye alikuwa amekwisha kuizoea.

Halafu akaitwa. "Dahir." Ilikuwa sauti ya Kaltum, kutoka jikoni, ile sauti yake ya kutaka kuteremshiwa kitu cha juu.

"Naam?"

Akaweka sahani chini.

"Nini sasa, mama Sumeya? Sema."

Akaenda jikoni. Sufuria zilikuwa zimefunikwa, mlango wa nyuma umefungwa kwa komeo. Alipompigia simu, Kaltum alikuwa dukani, na nyuma yake mteja mmoja alisikika akimwomba apunguze bei. Dahir alirudi chumba cha mbele, akatazama kioo. Zile hodi zilikuwa na anwani nyingine. Hazikutoka nje tena. Zilitoka ndani ya nyumba yake.

Mtu mwingine angenyamaza hapo. Dahir aliangua kicheko kile chake cha puani, akaandika sheria ya pili, ya kukataa na kujibu, kwa anwani hii mpya.

Juma hilo hilo Sumeya alirudi kutoka shuleni bila sauti. Hakuwa na homa, hakukohoa, alikula vizuri tu. Ila akifungua mdomo zilitoka pumzi tu. Hospitalini walimwangalia koo wakalikuta safi, wakampa dawa ya kusukutua, wakasema apumzishwe asiongee. Mtoto ambaye tangu azaliwe hakuwahi kupumzika kuongea akawa anazunguka nyumba akiwavuta watu nguo, anaonyesha kwa vidole, analia bila mlio. Kaltum alifunga duka akakaa naye. Dahir alisema ni vumbi la chaki.

Na mchana mmoja, Kaltum akiwa amempakata Sumeya kwenye kochi, na Dahir akiwa mezani, na spika ndogo za kompyuta zikiwa juu ya kabati, zimezungushiwa waya wake kwa kuwa hazikuwa zimechomekwa popote tangu Idi, harufu ya nywele mbichi ilikuja nzito hata Kaltum akajifunika pua kwa mtandio, kukawa na mkwaruzo mdogo huko juu ya kabati, mfano wa mtu anayesafisha koo lisilo lake, kisha sauti ya Sumeya, kali, safi, na yale madeko yake ya kutaka hela ya biskuti, ikasema, "Aabo. Aabo, upo?" na Sumeya mwenyewe, mdomo umefumbwa kifuani kwa mamake, akaanza kutetemeka mwili mzima.

Dahir akafungua mdomo. Kaltum akaruka akamziba kwa kiganja.

"Usiitike," akamnong'oneza sikioni. "Usithubutu."

Wakakaa hivyo mpaka harufu ikapungua.

"Umekuwa ukiliitikia?" Kaltum akauliza kwa sauti ya chini kabisa.

"Ni spika tu. Kuna kitu kimeshika mawimbi."

"Dahir. Umekuwa ukiliitikia?"

Hakujibu, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu wafunge ndoa. Kwa sababu alijua. Mamake, huko Garissa, alimfundisha kabla hajajua kuhesabu: ukiitwa na usiyemwona uso, huitiki, wala humtukani, wala humwambii hapana. Hata watoto wa Phelesia hapo jirani walilijua hilo, wamefundishwa na nyanya zao kando ya ziwa. Nchi nzima inalijua. Na yeye, fundi, mjuaji, alikuwa ameweka mashine nyumbani mwake iwe inaitika mchana na usiku, bila kuchoka, kila ikiitwa.

Maalim Mubarak, mfukuza majini aliyeitwa na Kaltum, alitoka Migori kwa pikipiki yake mwenyewe, mtu mfupi, mkavu, asiye na muda wa kupoteza. Alimsomea Sumeya kwa muda mrefu, mkono juu ya utosi wake. Mtoto hakutikisika. Maalim akafunga msahafu.

"Mtoto hana kitu," akasema.

"Basi hiyo sauti?" Kaltum akauliza.

"Mimi hufukuza kilichoingia. Hiki hakijamwingia mtu. Kiko mlangoni, kinapiga gumzo na bwana wako. Kila akikijibu kinapata ruhusa ya kubaki, na kila kikibaki kinajichotea kidogo kwa huyu mdogo. Kimeanza na sauti." Akamgeukia Dahir, akamtazama kuanzia viatu. "Ulikiambia nini?"

"Nilikikataa."

"Ulikijibu. Kwa hicho, tusi na karibu ni kitu kimoja. Hakijui neno, kinajua tu kwamba kuna mtu. Ningekuelewa kama ungekuwa hujui. Lakini watu wa aina yako mnapenda neno la mwisho kuliko watoto wenu."

Dahir akavuta kiti. Akaketi mbele ya kompyuta mbele ya macho ya maalim, akafuta REJECT katika sheria zote mbili, akaandika DROP. Kazi ya dakika moja. Hodi iliyofuata ikaingia, na kwa mara ya kwanza nyumba haikurudisha kitu.

"Na midomo yenu pia," maalim akasema. "Mtu asiitike mpaka amwone anayemwita. Jini hilo litahama, litatoka kidogo kidogo. Likivuka geti limekwenda. Na msilisindikize hata kwa neno moja."

Yakawa maisha ya ajabu. Kaltum akitaka kitu alikuja kusimama mbele ya mumewe ndipo aseme. Simu waliziacha ziite. Lile jini lilibisha na kubisha, na lilipoona halijibiwi likaanza kuita. Likamwita Dahir kwa sauti ya mamake aliyefariki. Likamwita kwa sauti ya Phelesia, eti moto. Kisha likajifunza sauti yake mwenyewe, ile ya kuwachambua matapeli, na likawa linamfuata chumba hadi chumba likimwambia maneno yake yote, washenzi, huna haya wewe, umeogopa, Dahir, nyamaza hivyo hivyo kwa kuwa umeogopa, na Dahir akiwa ameng'ata kitambaa, mishipa ya shingo imemtoka, jasho linamtiririka mgongoni, akivumilia kitu ambacho hakuwahi kukivumilia kwa binadamu yeyote, maana mtoto wake alikuwa pale sakafuni anachora, na kila siku iliyopita bila jibu, kooni mwa mtoto kilirudi kitu kidogo, kwanza mkwaruzo, halafu mnong'ono, halafu neno zima.

Na kweli likahama. Likatoka kwenye spika likaenda kwenye bomba la sinki. Likatoka humo likaenda kwenye mifereji ya paa. Harufu ikatoka ndani, Kaltum akafungua madirisha. Mwishowe likawa kwenye tangi la maji nje, hatua chache kutoka getini, na hata likiita sauti yake ilikuwa hafifu, ya kitu kilichochoka. Maalim alipopigiwa simu alisema, "Hapo limebakiza kutoka. Fyata ulimi, Dahir. Karibu utapona."

Jumamosi, Dahir alikuwa kwenye kibaraza mchana. Sumeya ameketi miguuni pake, anasoma kitabu cha shule kwa sauti, sauti yake kali, yote, imerudi, anakosea maneno na hajali. Dahir alimsikiliza huku kifua kimempanda. Alikuwa ameshinda. Amelinyima jini jibu mpaka limekonda, na hakuna aliyemsifu, hata maalim. Kila mtu alimwona mjinga aliyeokolewa. Hilo lilimkera tangu asubuhi.

Tangi likanong'ona. "Aabo. Nakwenda sasa. Kwaheri."

Ilikuwa sauti ndogo, ya kutia huruma. Dahir alitazama tangi. Akamtazama Sumeya, mzima, mbele ya macho yake, kidole kwenye mstari. Hapakuwa na cha kumchanganya. Alimwona aliye wake na alijua lisilo lake. Akacheka kwa puani.

"Nenda, mshenzi," akasema polepole. "Mimi ndiye niliyekutoa."

Ndani, Kaltum aliacha kuosha vyombo.

Sumeya aliinua uso kutoka kitabuni, amekunja paji. Akafungua mdomo kumuuliza babake jambo. Midomo ilicheza, ulimi ukacheza, koo likapanda na kushuka.

"Aabo," likauliza tangi, "unaongea na nani?"