Bakuli Halirudi Tupu

"Samahani, wewe ndiye dada yake Korane?"

Nurto alikuwa ameshika mlango kwa mkono mmoja na mwiko kwa mkono wa pili. Nje, kwenye lile jua la Juni ambalo Birmingham hulitoa kwa kibaba, alisimama binti wa Kihindi aliyevaa sare ya duka la miwani. Mikononi alishika bakuli la kijani lenye kifuniko, na bakuli lile Nurto alilijua kama anavyoyajua meno yake.

Kuna maswali ambayo mtu mwenye adabu huyajibu kwa ukweli. Hili halikuwa mojawapo.

"Ndiyo," alisema Nurto, mke wa Korane kwa miaka mitano na miezi miwili. "Mimi ndiye dada yake. Karibu ndani."

"Asante. Naitwa Ushma. Sikutaka kukusumbua, lakini Korane kila siku ananiambia, dada yangu ni mkali kwa vyombo vyake. Nikaona chini umeandika jina na anwani, nikasema wacha nilete mwenyewe."

Ni kweli, chini ya bakuli kulikuwa na kipande cha utepe mweupe: Nurto, nambari 41, na postikodi. Wanawake wengi wa mtaa ule wa Alum Rock huandika hivyo, kwa kuwa kwenye harusi na futari mabakuli hupotea kuliko watoto. Mwanamume anayekwenda kutongoza huku amebeba anwani ya mkewe chini ya chakula, mwacheni. Mungu ndiye anayejua alivyomuumba.

Nurto alifunua kifuniko. Ndani mlijaa chevda, yenye njugu, dengu na pilipili.

"Nimeikaanga mwenyewe," alisema Ushma kwa Kiswahili safi cha Kisumu. "Mama yangu alinifundisha, chombo cha mtu hakirudi kitupu."

"Mama Habibo naye husema hivyo hivyo."

"Huyo ni mama yenu?"

"Ndiye aliyenikabidhi Korane. Aliniambia, nakupa mwanangu, mtunze."

"Kama mtoto!" Ushma alicheka.

"Kama mtoto," alisema Nurto, naye hakucheka. Akateleka chai ya maziwa, akatia iliki.

"Lakini dada, umemlea vizuri. Kaka yako anajua kupika! Yale maharagwe ya nazi! Anasema kupika ndiyo starehe yake, anaamka saa kumi na moja alfajiri."

"Ni kweli, nyumba hii kuna mtu huamka saa kumi na moja."

"Na tangu nimwambie mimi sili nyama, hajawahi kuniletea hata mchuzi wake. Tunakaa kwenye benchi nyuma ya hospitali anakofanya kazi, pale Harborne, tunakula, jua linatupiga. Mwanamume mwingine angekumbuka?"

Hapo Nurto alishika kiti. Tangu mwezi wa nne Korane alikuwa amekataa nyama. "Mke wangu, nyama hainipendi siku hizi," alisema, ameshika tumbo kama shahidi mahakamani. Msomali wa Garissa kuacha nyama bila agizo la daktari ni jambo la kuitia kikao cha wazee. Nurto hakuita mtu. Alifikiri ni kolestro. Alimhurumia, akamwombea, akanunua maharagwe kwa magunia.

Alichukua simu, akaandika chini ya meza: *Mpenzi, bakuli langu la kijani liko wapi?*

Jibu lilikuja kabla chai haijachemka: *Liko kazini, nitaleta kesho. Nakupenda sana.*

Bakuli lilikuwa mbele yake, limetulia.

"Na nyinyi mna mpango gani?" aliuliza.

"Julai anakuja kuwaona wazazi." Ushma aliinamisha macho. "Mama yangu hajanisemesha tangu mwezi wa nne, kwa sababu Korane ni Mwislamu. Nimemwambia, Mama, huyu si kama wengine. Huyu hana siri."

Nurto alikoroga chai isiyohitaji kukorogwa. Angeweza kusema palepale, na mambo yakaisha. Lakini alitaka kitu kimoja tu: kumsikia Korane, kwa kinywa chake, mbele ya mwanamke huyu, akisema "huyu ni mke wangu." Akisema, hata kwa kutetemeka, labda ndoa ingali na pa kushonea. Asiposema, basi.

"Jumamosi saa saba na nusu njoo tule mchana," alisema. "Usimwambie. Tumshtukize."

Ushma alipiga makofi.

Alipoondoka, Nurto alimpigia simu mama mkwe wake, Habibo, aliyekaa mtaa wa Kingstanding.

"Mama, Jumamosi saa nane njoo. Tunachoma uani."

"Na mvua?"

"Redio imesema jua."

"Redio ya nchi hii ni mwongo mwenye leseni. Nitakuja na mwavuli."

Jumamosi ilianza vizuri mno. Digrii kumi na tisa, na jirani wa kushoto alikuwa ameshavua shati. Wa kulia alikuwa akikata majani kwa mashine. Korane alisimama mbele ya jiko la mkaa, aproni kifuani, akigeuza mahindi na bilinganya kwa koleo.

"Hakuna nyama leo?" aliuliza.

"Si haikupendi?"

Kengele ililia. Nurto alikwenda mlangoni, akarudi na Ushma, amevaa gauni la njano, pakiti ya stroberi mkononi.

"Sapraizi!" alipaza sauti Ushma.

Koleo lilianguka. Bilinganya nalo likalifuata.

"Kaka," alisema Nurto polepole, "mgeni wako huyu."

Korane alimtazama mmoja, akamtazama wa pili, akaitazama mbingu. Mbingu haikumsaidia.

"Ushma, karibu. Nurto, hebu... chumvi. Njoo unioneshe chumvi iko wapi."

Jikoni alifunga mlango.

"Nurto, wallahi, naomba nikueleze."

"Mimi nimeshaelezwa, tena na chai. Mweleze yeye. Maneno manne tu: huyu ni mke wangu."

"Mbele yake? Hivi hivi?"

"Mama anafika saa nane. Una nusu saa."

"Umemwita na Mama?"

"Korane, nakuomba." Sauti ya Nurto ilipungua. "Sitapiga kelele wala sitavunja kitu. Sema tu, nikusikie."

Alifungua kinywa. Lakini nje tone lilidondoka, kisha la pili, kisha mvua yote ikashuka kwa pamoja. Jirani alikimbilia shati lake. Ushma aliingia mbio na sinia la mahindi kichwani, anacheka. Watatu wakakaa mezani, moshi wa jiko lililozimika ukipita dirishani.

"Mbona umenyamaza?" Ushma alimuuliza. "Hufurahi kuniona?"

Nurto aliweka mikono mapajani, akangoja. Jamani, aliomba dua.

"Mvua hii," alisema Korane. "Walisema itaanza jioni."

"Walisema," Ushma alikubali.

"Lakini ni nzuri kwa majani."

Waingereza wakikosa la kusema husema hali ya hewa. Korane alikuwa Birmingham mwaka wa kumi na nne, na alikuwa mwanafunzi hodari. Alisifu mvua, akaisifu na wiki ijayo, kisha akasimama.

"Nakuja. Nakwenda kuchukua taulo."

Kuta za nyumba zile ni nyembamba, na ngazi hazifichi siri. Sauti yake ilishuka kutoka juu, kwa Kisomali, ili mgeni asielewe. Nurto alielewa kila neno.

"Hooyo, uko wapi? Sikiliza. Ukifika, sema Nurto ni binti yako. Nitakueleza baadaye. Ni kwa leo tu, Hooyo."

"Anaongea na nani?" aliuliza Ushma.

"Na mama."

"Dada, unalia?"

"Ni moshi," alisema Nurto.

Saa nane na dakika tano, Habibo aliingia, mwavuli umepinduka, buibui linachuruzika. Korane alishuka mbio na taulo.

"Mama, karibu, keti, nikuletee..."

"Sitaki taulo." Habibo alimwona binti mgeni, akaamua kusema Kiswahili ili kila mtu apate fungu lake. "Korane, umenipigia simu nikiwa kwenye basi. Umeniambia leo nina binti, jina lake Nurto. Nimekuja kuuliza, nilimzaa lini? Maana harusi yake na wewe nilikuwepo. Mbuzi wanne nimepika kwa mikono hii."

"Harusi?" alisema Ushma.

Alimgeukia Nurto.

"Ulijua. Siku ile ulijua, ukaninywesha chai."

"Nilijua uliponiita dada."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka akuambie yeye. Nilikutumia wewe kumpima yeye, na hilo ni kosa langu. Nisamehe."

Ushma alisimama. Pakiti ya stroberi ikapinduka mezani. "Mama yangu hanisemeshi, Korane. Miezi miwili! Nilikutetea kwa mama yangu mzazi!"

"Ushma, mimi..."

"Na maharagwe?"

Korane aliangalia sakafu.

"Hata maharagwe!"

"Maharagwe ni yangu," alisema Nurto.

Ushma alitoka bila kuaga mtu, gauni la njano kwenye mvua, na mlango ukajifunga nyuma yake.

Korane alipiga magoti palepale, taulo begani.

"Nurto, mke wangu..."

"Hapo sasa. Umelisema." Nurto alitazama saa ya ukutani. "Saa nane na dakika kumi na mbili, na aliyepaswa kusikia ameshaondoka."

Alipanda ngazi. Walimsikia akifungua kabati, wakasikia zipu. Alirudi na mabegi mawili, akayaweka karibu na mlango. Kisha akaingia jikoni, akalijaza bakuli la kijani maharagwe ya nazi mpaka mdomoni, akalifunika, akalifuta kwa kitambaa kama anavyolifuta kila alfajiri.

"Mama," alimwambia Habibo, "miaka mitano iliyopita ulinishika mkono, ukanikabidhi mwanao, ukasema nimtunze. Nimemtunza. Leo nakurudishia. Na wewe ndiye uliyenifundisha, kitu cha watu hakirudi kitupu."

Akampa bakuli.

Habibo alilipokea kwa mikono miwili. Korane alimtazama mama yake kama mtu anayengoja wakili. Mama alilipindua bakuli kidogo, akasoma jina lililo chini.

"Beba mabegi yako," alimwambia mwanawe. "Basi linapita saa nane na nusu."

Kizingitini aligeuka. Macho yake yalikuwa mekundu, na hapakuwa na moshi tena.

"Bakuli nitalirudisha mwenyewe, mwanangu. Nalo halitarudi tupu."

"Tia chochote utakacho, Mama," alisema Nurto. "Isipokuwa huyu."