Kamera ya Mchumba Wangu Haikuwa Mbovu

Mzee Awadhi aliweka picha mezani studioni kwake, akaniuliza taratibu.

"Candida, hili si pazia lako?"

Ndilo. Khanga yangu. Na nyuma yake mwanamke anajaribu gauni, nusu uchi, hana habari...

Jamani!

Mimi nauza magauni ya mtumba Mchikichini. Kwenye kona ya kibanda nimetundika khanga, wateja wajaribie hapo. Kuingia na simu nimepiga marufuku.

Mchumba wangu Isidori, ambaye barua yake ya posa ilishafika kwetu Rombo, alikuwa anashinda na mimi kibandani. Shingoni ana Exakta, kamera ya Kijerumani ya zamani, ya filamu. Hiyo huiweki jichoni. Unaishika kiunoni, unainama, picha unaiona kwenye kioo cha juu. Ukimwona utadhani anaifuta vumbi tu, kumbe lenzi inachungulia upenyo wa khanga.

Aliniambia ni mbovu, anaivaa kama pambo. Basi mteja akiitilia shaka, namwambia asijali, ile imekufa.

Mimi, kwa mdomo wangu huu!

Nilitoka studio ya Mzee Awadhi hapo Kariakoo, anakosafisha picha za filamu mpaka leo, nikamfuata Isidori kibandani. Hakukana. Eti ni sanaa, na wenyewe hawajui, sasa nani kaumia?

Asubuhi ile tulikuwa tumekunywa supu bakuli moja. Nilipokumbuka, nikatapika pembeni ya viroba vya mtumba.

Wadada wa vibanda vya jirani walimzingira, tukampeleka polisi na kamera yake. Uchumba ukaishia hapo.

Mzee Awadhi akaitwa kutoa maelezo. Nilikaa naye benchi moja, namshukuru kama baba yangu. Afande akamuuliza amemsafishia Isidori filamu ngapi.

"Tisa."

"Na huyu binti ulimwambia lini?"

"Hii ya tisa."

Nikageuka kumtazama.

"Mzee wangu... na zile nane?"

Akainamisha macho. Akasema alidhani ni mambo ya vijana, hakutaka kuingilia. Ila kwenye ya tisa alimwona Sitara, mwanawe wa kumzaa, mwalimu, mke wa mtu.

Nilihama benchi.

Wateja wangu nimewapigia mmoja mmoja kuwaomba radhi. Wengine wamenikatia simu, na wana haki.

Ndugu zangu, ukiona mwanamke anadhalilishwa, sema siku hiyo hiyo. Wale wa filamu nane za mwanzo nao wana baba zao.