Nusu ya Kidonge

Jumanne, tarehe tisa Machi 1971, sanduku la bati lilibaki juani katika stesheni ya Voi, na mambo yote ya Wambua yakaharibikia hapo.

Ndani mlikuwa na chupa ndogo za makohozi zinazopelekwa Nairobi, kwa watafiti wa kifua kikuu kilichokataa kusikia dawa. Chupa moja ilikuwa ya Tryphena, mkewe. Wangeotesha vidudu vyake huko, wajue ni dawa gani bado inaviua.

"Nipakie, mkubwa?" aliuliza Wambua, kuli wa mizigo hapo kwa miaka minane.

"Fomu haina sahihi ya daktari," karani akasema, macho kwenye chai yake.

"Daktari yuko Wundanyi mpaka Ijumaa. Na humu mna kohozi la mke wangu."

"Basi ateme jingine. Kwani limemwishia?"

Treni ikaondoka. Sanduku likapigwa na jua siku tatu, chupa zikaharibika. Wambua hakumsamehe yule karani, wala wakubwa wa Nairobi waliokumbuka kutunga fomu wakasahau kujenga kivuli.

Na ni hapo hapo stesheni alipomwona Tryphena mara ya kwanza, mwaka 1967. Abiria wanasukumana, makuli wanapigiana kelele, na yeye ametulia katikati, gauni la njano, kitambaa cha buluu kichwani, amekalia gunia la kabichi kutoka kwao Mghange, milimani.

"Nikubebee, dada?"

"Ukimbie nazo?"

"Nikikimbia na kabichi, utanikuta mbele napika."

"Mkamba anajua kupika kabichi?"

"Si uje unifundishe."

Alikuja. Miezi sita baadaye wakafunga ndoa kanisani.

Mwaka wa pili Tryphena akaanza kukohoa. Hospitalini wakamdunga sindano miezi miwili, kisha wakampa vidonge vya mwaka mzima na zaidi. Kidogo kidogo Wambua naye akaanza kukohoa.

"Nenda upimwe, mpenzi."

"Kuli anayekohoa anaachishwa kazi siku hiyo hiyo. Umesahau Musyimi alivyofukuzwa?"

"Kwa hivyo mgonjwa wa kuonekana ni mimi peke yangu? Ulinioa nikubebee aibu?"

Alifunga nguo zake, akapanda kwa mamake Mghange. Wiki tatu nyumba ikawa kama ghala tupu. Siku moja simu ya stesheni ikalia, Wambua akaitwa.

"Ni mimi, niko posta Wundanyi. Umepimwa?"

"Bado."

"Unakula nini?"

"Ugali na chumvi."

Akamsikia akicheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi. "Kichwa ngumu wewe. Nakuja kesho."

Akaja na lile gauni la njano. Kabla hata ya kunywa maji, alitandaza vidonge vyake juu ya kibao, akachukua kisu cha mboga, akakata kimoja kimoja katikati.

"Nusu yangu, nusu yako. Tutapona pamoja, na kazi yako haitaguswa."

Wambua alimshika ule mkono wenye kisu, akaubusu.

Na kweli walipata nafuu, karibu mwaka. Halafu Tryphena akatema damu, ndipo wakamchukua kohozi lililoachwa juani. La pili lilipofika Nairobi, Aprili ilikuwa inaisha, na vidudu hivyo huchukua wiki nyingi kuota. Alizikwa Mghange Juni, ndani ya gauni la njano.

Julai, nesi Elsie wa hospitali ya Voi akaleta majibu nyumbani. Vidudu vilikuwa vimezoea vile vidonge. Ilikuwepo dawa nyingine, ingeletwa kama majibu yangewahi.

Wambua alimwaga yote: karani, chai, jua, sahihi. Elsie alisikiliza, fomu ya watafiti magotini, asiandike neno.

"Pole, baba. Hayo nitayasema. Lakini wanataka kujua vidonge vilishindwaje. Limebaki swali moja."

Wambua alikohoa ndani ya mkono wa shati. Juu ya rafu, kile kisu cha mboga kilikuwa pale pale alipokiweka Tryphena.

"Mama alikuwa akimeza dawa yake yote?"