Weusi Chini ya Macho na Tochi ya Bi Bang

Abiria walikuwa wanashuka kwenye teksi yangu kwa sababu ya macho yangu. Chini yake palikuwa peusi. Mtu akiniona kwenye kioo aliuliza kama nimelala, kisha akasema anashukia hapohapo.

Nalala vizuri kuliko wengi hapa jijini Daegu. Mke wangu, Mal-sun, alinibandika vijiko vya baridi na vipande vya tango, na weusi ukabaki. Yeye mwenyewe alikuwa nao, tena zaidi.

Kwetu, watoto wakianza kupata mshahara, wengine huwapa wazazi zawadi ya upasuaji wa kurembesha macho. Binti yetu Hye-rin alikuwa ameweka akiba tupasuliwe sote wawili. Alisema tutatoka kama mapacha.

Mimi nilitaka kujua kwanza wanakata nini. Weusi unakatwaje? Tukamwendea Bi Bang wa ghorofa ya chini, aliyekuwa muuguzi wa macho. Akazima taa ya dari, akanimulika tochi kutoka mbele.

"Mama Hye-rin, mtazame mumeo."

Mal-sun akainama. "Weusi umeenda wapi?"

Ulikuwa umetoweka. Bi Bang alieleza kwamba wangu ulikuwa kivuli tu. Mafuta ya chini ya jicho yametokeza mbele, yamefanya uvimbe, na chini yake pamekuwa na bonde. Taa ikiwa juu, bonde linaingia kivuli. Daktari bingwa hupasua upande wa ndani wa kope la chini, kisha huyasogeza mafuta yajaze bonde. Nje hakuna kovu.

Kisha akammulika Mal-sun. Weusi ulibaki palepale.

"Wako ni ngozi yenyewe, mdogo wangu. Kisu hakifuti rangi. Unafikicha macho?"

"Yananiwasha kila maua yanapochanua."

"Anayafikicha kama anasugua sufuria," nikasema.

"Na wewe unavyokoroma, nimemwambia nani?"

Bi Bang akamtuma kwa daktari apate dawa ya mzio. Aache kufikicha, ajikinge na jua. Mimi nimtajie daktari kila dawa ninayomeza, nisiache hata moja bila yeye kusema. Na baada ya kupasuliwa, nikipata maumivu makali au nikiona giza, nirudi hospitali saa hiyohiyo.

Hye-rin alinuna, maana ofisini alishajisifu kwamba ni zawadi ya wawili.

"Ungelipa pesa yote hiyo nibaki hivihivi," mama yake akamwambia.

Nikapasuliwa peke yangu. Nilivimba kama mtu aliyepigwa ngumi, kisha uvimbe ukaisha. Sasa abiria wanakaa hadi wanakokwenda, na wengine hawanyamazi. Weusi wa Mal-sun umepungua, haujaisha.

Macho yangu yaligharimu won milioni mbili za Hye-rin na wiki mbili bila kuendesha. Ya Mal-sun yaligharimu won elfu kumi na mbili za dawa ya matone, kofia moja ya jua, na kuacha kufikicha. Anasema hiyo ya mwisho ndiyo ghali kuliko zote.