Ndinda Agawa Jembe Lake

Hapa Kilungu, kila asubuhi mimi huwasha pikipiki na mama yangu huanza kunikemea.

"Nyamai, hiyo kelele itaua kuku!"

"Wakifa tutakula, mwaitu," mimi humjibu, maana ndivyo Wakamba tunavyomwita mama.

Zamani mke wangu, Ndinda, alikuwa akicheka hapo mpaka anaweka sufuria chini.

Siku hizi hacheki. Mwezi wa tano tulimzika mtoto wetu, Kyalo. Alikuwa na miezi minne. Tangu hapo Ndinda halali, hali, haongei. Hujilaza tu akitazama ukuta. Nilimfanyia mizaha yote ninayoijua. Niliiga chifu. Niliiga hata mbuzi wa chifu. Nafikiri ukuta ulikaribia kucheka. Yeye la.

Kanisani walimwombea. Kina mama wakamwambia, "Jikaze, utapata mwingine." Mama yangu akasema ni uvivu. Mimi nikanyamaza, na hiyo ndiyo aibu yangu.

Mwezi wa kumi, mvua ikiwa karibu, Ndinda akaamka, akaanza kugawa vitu. Leso yake ya harusi alimpa dada yake. Jembe lake akampelekea jirani yetu, Nthenya. Nilifurahi kama mjinga. Nikamwambia abiria niliyembeba, "Mke wangu amepona! Hata jembe amegawa."

Abiria huyo alikuwa Mumbua, mama wa makamo kutoka ng'ambo ya kilima.

"Simama," akasema.

"Hatujafika."

"Nimesema simama. Mvua ikinyesha, mke wako atalima na nini?"

Nikafunga breki.

Mumbua akanieleza kazi yake. Yeye si daktari. Aliwahi kuugua ugonjwa wa huzuni, akatibiwa. Baadaye akafunzwa kusaidia wengine wanaougua kama yeye. Huwatembelea nyumbani na kuwasindikiza hospitali.

Tukageuza pikipiki.

Nyumbani, Mumbua aliketi sakafuni karibu na kitanda. Kisha akasema, "Ndinda, mimi niligawa sufuria zangu zote. Nilibaki na moja tu, kwa sababu ilikuwa imetoboka."

Ndinda akageuza kichwa.

"Unafikiria kujiua?"

Mama aliruka. "Shindwe! Unamtia mawazo mabaya!"

"Hapana, mwaitu. Kumuuliza hakumtii mawazo hayo. Kunampa nafasi ya kuyatoa."

Ndinda akasema polepole, "Ndiyo. Kila siku."

Mama akakaa chini kama mzigo uliotupwa. Mimi nilitoka, nikalia nyuma ya choo.

Mumbua aliniita. "Utalia baadaye. Dawa ya wadudu ya kunyunyizia maembe iko wapi? Itoe hapa nyumbani. Ndinda asiachwe peke yake hata kidogo. Na hospitali ni leo, si kesho."

Tulienda naye. Tukiwa kwenye benchi la hospitali, mwanamke wa kanisa letu alipita, akatukodolea macho. Ndinda akataka kuinuka aende zake. Mumbua akapaza sauti, "Hujambo dada? Mgonjwa wa zamani ni mimi! Huyu ni mgeni wangu." Yule mwanamke akapata haraka ya ghafla. Ndinda akabaki.

Muuguzi alizungumza na Ndinda faraghani. Kisha akatuambia sote, "Huu ni ugonjwa. Si uvivu, wala si laana. Dawa itachukua wiki kadhaa kabla ya kusaidia. Asiiache. Na kila wiki aje tuongee."

Wiki ya kwanza, hakuna kitu. Wiki ya pili, Ndinda alitema dawa, akasema tunajisumbua bure. Nami, siku nyingine, niliona kweli tunajisumbua. Mvua ilinyesha. Watu walipanda. Shamba letu likaota magugu. Lakini kila Jumatano Mumbua alifika. Siku ya kliniki alikuja kumchukua. Mama naye alijifunza kukaa kando ya kitanda bila kuhubiri.

Asubuhi moja, baada ya wiki nyingi, nikawasha pikipiki. Mama akakemea. Kisha nikasikia sauti ndogo kutoka ndani.

"Nyamai."

"Naam?"

"Pita kwa Nthenya. Mwambie anirudishie jembe langu."

Hakucheka. Macho yake bado yalikuwa mazito, na kliniki alikuwa bado anaenda. Lakini alikuwa amesimama mlangoni, akitazama yale magugu.

Nilikuwa na mzaha tayari mdomoni. Nikaumeza. Niliacha pikipiki ikinguruma uani, nikakimbia kwa Nthenya kwa miguu.