Maji ya Jioni kwenye Safu ya Mama

Jua lilikuwa linazama nilipokwenda kwenye banda la maua kushusha neti ya kulifunika. Kazi ya kila siku. Lakini jioni ile nilikwenda na hasira, nimeibeba kama ndoo iliyojaa.

Okidi za mama zilikuwa zinaoza.

Hapa Nakhon Pathom, kando ya mfereji, marehemu mama alituachia mimi na kaka banda zima la okidi, lakini mzazi wa zote ni safu moja nyeupe. Humo ndimo tunamokata vichipukizi. Safu ile ikifa, shamba limekufa. Nayo ilikuwa inakufa. Majani yanalainika, yanakuwa meusi, yanatoa maji yanayonuka samaki aliyeoza. Nilikata palipooza, nikachoma kisu motoni, nikakata tena. Kukicha, jani jingine.

Uozo ule huletwa na maji ya jioni. Kila mtoto wa mfereji huu anajua: okidi hunyweshwa asubuhi, jua likaushe kitovu cha majani kabla ya giza. Anayemwagilia jioni anaua.

Nami nilimjua muuaji. Kaka yangu Somkit alitaka kuuza shamba. Alikwishang'oa kibanda cha mwenye ardhi, kile kijumba juu ya nguzo tunamomwekea roho wa mahali wali na maua, ili magari ya wanunuzi yapite. Hakuomba ruhusa kwa roho wala kwangu. Alikitupa nyuma ya banda, kifudifudi.

"Roho gani, Oraphan?" alinicheka. "Akitaka nyumba, akapange."

Sasa, mkono wangu ukiwa kwenye kamba ya neti, nilisikia maji.

Shhh... shhh...

Kwenye safu ya mama.

Alikuwa ameinama kati ya vichanja, mgongo kwangu, kofia pana imemfunika hadi mabegani.

"Nimekukamata, Somkit," nikasema. "Huna haya? Majivu ya mama hata hayajapoa."

Hakugeuka. Shhh...

"Nasema na wewe. Kama una hasira, kamalizane na aliyekukosea. Hizi okidi zimekukosea nini?"

Maji yakakoma.

"Nani?" sauti ikanong'ona. "Nani amenikosea?"

Ilikuwa sauti nyevunyevu, kama matope yanayoachia mguu. Haikuwa ya kaka yangu.

Papo hapo, kutoka jikoni, Somkit akaita. "We Oraphan, unashusha neti au unaishona? Wali unapoa huku."

Nikatazama ukutani. Mpira wa maji ulikuwa umeviringishwa kwenye msumari wake. Mkavu. Nikatazama mikono ya yule aliyeinama. Maji yalikuwa yanatoka vidoleni mwake... meusi... yakidondoka juu ya majani ya mama.

"Nani?"

Hofu ilinishika miguu. Haikunishika mkono.

Nikaunyoosha kuelekea jikoni.

Asubuhi hapakuwa na jani jipya jeusi. Somkit alikuja mezani kola yake imelowa, akilalamika kwamba paa linavuja juu ya kitanda chake. Mvua haikuwa imenyesha. Alipoinama kuchota uji, nikaliona doa chini ya kisogo. Jeusi. Laini. Nilijua harufu yake kabla haijanifikia.

Hospitali walimpaka dawa, wakamrudisha. Doa limeshuka mgongoni. Siku hizi analala kifudifudi, na chini ya kitanda nimeweka beseni.

"Mdogo wangu," alininong'oneza jana. "Kirudishe kibanda. Mwombe aniache."

"Si ulisema akapange?"

"Nilikuwa natania."

"Na okidi za mama? Nazo ulikuwa unazitania?"

Alilia. Sikumfuta machozi.

Kibanda nimekirudisha, kwa mikono yangu, palepale magari yalipokuwa yanapita. Nimeweka wali, nimeweka maua. Kilichobaki ni kuwasha ubani na kusema maneno. Maneno yenyewe ni machache, mama alinifundisha nikiwa mdogo. Kila jioni napiga magoti hapo na kiberiti mkononi, na kila jioni namsikia yule roho akipita nyuma yangu kuelekea chumba cha kaka. Hatua zake zinalowesha ardhi.

Shhh... shhh...

Safu nyeupe imetoa machipukizi. Manene, ya kijani, hayana doa.

Somkit ananiita tena. Namsikia.

Nitamwombea. Ngoja kwanza safu ichanue.